Damu ya Kasongo husafirije bila barafu?

Tarehe 27 Februari 1905, daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton alifariki dunia Kasongo, mashariki mwa Kongo, kazi ikiwa bado mikononi. Yeye na mwenzake, John Todd wa Kanada, walikuwa wametumwa na Shule ya Tiba ya Kitropiki ya Liverpool kufuatilia malale katika nchi hiyo, iliyokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Walipofika upande wa mashariki wakakutana na ugonjwa mwingine: homa inayopanda, ikashuka, mgonjwa akadhani amepona, kisha ikamrudia. Walionyesha kwamba inaenezwa na papasi, yule kupe anayejificha kwenye nyufa za sakafu ya udongo na kutoka usiku. Wote wawili waliugua homa hiyohiyo. Todd alipona, Dutton hakupona. Kijidudu cha homa ya papasi kinabeba jina lake hadi leo: Borrelia duttonii.

Vifaa vyao vilikuwa vichache. Walikuwa na hadubini, vipande vya vioo, sindano ya kutoboa kidole, na nyingine ya kuvuta majimaji kwenye tezi za shingo, ambamo vimelea vya malale hupatikana. Damu ilitazamwa ikiwa mbichi, dakika chache tu baada ya kutoka mwilini. Ikichelewa, vimelea vilikuwa vimekufa. Jokofu halikuwepo. Ghala pekee la kuweka kimelea kikiwa hai lilikuwa kiumbe kingine: tumbili aliyeng'atwa na papasi wenye ugonjwa, au papasi mwenyewe. Papasi kutoka Kongo walifikishwa Liverpool wakiwa na ugonjwa ndani yao, na utafiti ukaendelea huko.

Zaidi ya miaka 120 baadaye, swali lililowasumbua Dutton na Todd bado linamsumbua laboranti wa kusini mwa jimbo la Maniema: tone la damu, la maji ya uti wa mgongo au la majimaji ya kipele litafikaje mbali likiwa bado linasema kweli?

Kusini mwa jimbo kuna zoni za afya za Kasongo, Kunda, Samba, Kabambare, Lusangi na Saramabila. Sampuli ikitolewa mojawapo, na ikahitaji kipimo ambacho hospitali ya hapo haina, safari yake ni ndefu. Inapanda pikipiki kutoka kituo cha afya hadi makao ya zoni, inaunganisha hadi Kindu, kisha inangoja ndege ya kwenda Kinshasa kwenye Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba, inayojulikana kwa kifupi cha Kifaransa INRB. Mvua ikikata barabara, kisanduku kinalala njiani. Ndege ikiahirishwa, kinalala tena. Pakiti za barafu zilizofungwa asubuhi na mapema zimekuwa maji ya uvuguvugu, na hakuna aliyeandika zilianza kuyeyuka saa ngapi.

Ugumu wenyewe ni kwamba damu ikitoka mwilini haifi papo hapo. Inaendelea kuishi, na huko kuishi ndiko kunakoiharibu. Chembe zake zinaendelea kula sukari, kwa hiyo kipimo cha sukari kikichelewa kinatoa jibu la uongo. Chembe nyekundu zikipasuka kwa joto au kwa mtikisiko wa pikipiki humwaga potasiamu na himoglobini, na plazma iliyokuwa ya manjano hugeuka nyekundu. Vimeng'enya vya mwilini huikatakata RNA, ile asidi inayobeba ujumbe wa virusi vingi. Mkojo nao huotesha bakteria mradi upate joto. Hata chupa yenyewe inaweza kuwa msaliti: damu iliyowekwa kwenye heparini isigande huweza kuzuia kipimo cha vinasaba cha PCR kufanya kazi, ndiyo maana kwa kazi hiyo maabara nyingi huchagua chupa zenye EDTA, dawa nyingine ya kuzuia kuganda.

Dawa ya kawaida ya matatizo hayo yote ni baridi, na baridi ina ngazi zake. Nyuzi 4 za friji ya kawaida huokoa siku chache. Nyuzi 20 chini ya sifuri zinatosha kwa baadhi ya kingamwili. Nyuzi 80 chini ya sifuri ndizo kiwango cha maabara kubwa kwa plazma, seramu na vinasaba. Nitrojeni ya maji, inayochemka ikiwa nyuzi 196 chini ya sifuri, ndiyo inayoweza kuweka seli na vimelea vikiwa hai kwa miongo. Friza ya dukani inayojiyeyusha barafu yenyewe, inayosifiwa kwa mama wa nyumbani, ni adui wa sampuli, kwa sababu hupandisha joto kidogo kila mara ili kuondoa barafu. Kila sampuli inapoyeyuka na kugandishwa upya hupoteza kitu. Kwa hiyo mtaalamu makini huigawa damu kwenye vichupa vingi vidogo siku ya kwanza, ili kila swali la baadaye lifungue kichupa chake na kuacha vingine vimelala.

Kongo ina mfano wake wa kile ambacho uhifadhi duni huacha na kile unachopoteza. Mwaka 1959, mtaalamu wa vinasaba Arno Motulsky wa Marekani alikusanya damu Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwa utafiti ambao haukuwa na uhusiano wowote na UKIMWI. Ugonjwa huo haukuwa na jina wakati huo. Plazma zilihifadhiwa. Mnamo 1986 sampuli za zamani za Afrika zipatazo 1,200 zilipimwa, na moja ya Léopoldville ikakutwa na kingamwili za virusi vya UKIMWI. Mwaka 1998 watafiti walisoma vipande vya virusi hivyo na kuvichapisha, na sampuli hiyo, ZR59, ikawa shahidi mkongwe kuliko wote kwamba HIV-1 ilikuwa tayari inatembea mjini miaka ya hamsini. Lakini ni vipande vifupi tu vilivyosomeka. RNA ilikuwa imechakaa. Kichupa kilitunzwa vya kutosha kutoa habari, hakikutunzwa vya kutosha kuitoa yote.

Kisa cha pili kinajulikana zaidi. Septemba 1976, kutoka Kinshasa, damu ya mtawa Mbelgiji aliyekuwa amepata ugonjwa katika kijiji cha Yambuku ilisafirishwa hadi Antwerp ndani ya chupa ya chai, ile ya kawaida ya kutunza maji moto, ikiwa mikononi mwa abiria wa ndege ya kibiashara. Barafu iliyeyuka njiani na kichupa kimoja kikavunjika. Huko mtafiti kijana Peter Piot na wenzake waliifungua bila kujua walichoshika. Ilikuwa Ebola. Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyekwenda Yambuku kwa mara ya kwanza na kutoa damu ya wagonjwa bila glavu, amesimulia mara nyingi jinsi alivyonusurika. Kile ambacho leo kingehitaji vifungashio vya tabaka tatu, karatasi za tahadhari na mtu aliyefunzwa, siku hiyo kilitegemea bahati.

Kisa hicho kina upande usiosimuliwa sana. Wachunguzi wa mlipuko wa Yambuku walikusanya pia seramu za wanakijiji wengi na kuziweka kwenye friza. Miaka ilipita. Swali la UKIMWI lilipoibuka, seramu 659 za mwaka 1976 zilitolewa na kupimwa: 5 zilikuwa na kingamwili za HIV, yaani asilimia 0.8. Watafiti walirudi eneo hilo mwaka 1986 na kukuta kiwango kilekile, asilimia 0.8. Makala iliyochapishwa 1988 ilionyesha kwamba virusi vinaweza kukaa kijijini miaka kumi bila kuenea, wakati mjini vinawaka. Hakuna aliyezikusanya seramu zile kwa ajili ya swali hilo. Bila friza, swali lisingekuwa na jibu.

Basi suluhisho si kununua friza? Hapo ndipo makosa mengi ya nia njema huanzia. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri hula umeme wa kilowati-saa kati ya 8 na 20 kwa siku kutegemea umri na aina yake, kila siku, bila Jumapili. Kasongo na Kabambare ni mahali ambapo umeme wa saa zote ni anasa. Hospitali zinategemea sola na jenereta, na jenereta inategemea mafuta yanayopitia barabara zilezile zinazochelewesha sampuli. Friji za chanjo zinazotumia jua moja kwa moja bila betri zimeleta nafuu kubwa, lakini zimeundwa kwa nyuzi 2 hadi 8. Haziwezi zaidi.

Na tusidhani tatizo la baridi ni la maskini peke yao. Desemba 2023, siku za kuelekea Krismasi, mfumo wa nitrojeni ulikatika kwenye Taasisi ya Karolinska nchini Sweden, na matangi 16 yakapata joto. Sampuli zilizokusanywa kwa miaka 30, nyingi za wagonjwa wa saratani ya damu, ziliharibika. Nchi yenye umeme, barabara na mafundi ilipoteza hazina kwa siku tano za likizo.

Njia iliyo bora kwa Maniema, na hili ndilo ambalo mipango ya maabara huchelewa kulikubali, ni kuipunguzia sampuli haja ya baridi katika hatua za mwanzo, na kuacha baridi kali kwa vituo vichache vinavyoweza kuilinda.

Njia kongwe ya kufanya hivyo ni karatasi. Matone ya damu ya kidole huwekwa kwenye karatasi nene ya chujio, kila duara tone lake, yakaachwa yakauke kivulini kwa saa kadhaa au usiku kucha, mbali na jua, nzi na vumbi. Kisha karatasi huwekwa kwenye mfuko pamoja na vijipakiti vya silika vinavyonyonya unyevu na kikadi kinachobadilika rangi unyevu ukizidi. Damu ikikauka, vimeng'enya vinakosa maji ya kufanyia kazi. Robert Guthrie aliieneza mbinu hii Marekani miaka ya sitini kwa kupima damu ya visigino vya watoto wachanga. Kwa msitu wa Maniema sharti kubwa si joto, ni unyevu: karatasi iliyofungwa kabla haijakauka huoza ndani ya mfuko wake, na silika iliyokwisha kushiba ni mapambo tu.

Kongo imekwisha kuitumia karatasi hiyo kwa kiwango cha taifa zima. Katika uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kaya wa 2007 na ule wa 2013–2014, matone makavu yalikusanywa vijijini katika majimbo yote, Maniema ikiwemo. Yalichukuliwa kwa ajili ya HIV na malaria, lakini karatasi zilizobaki zikaendelea kutoa majibu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina na Shule ya Afya ya Jamii ya Kinshasa walizitumia kuchora ramani ya ukinzani wa malaria dhidi ya dawa ya SP (sulfadoksini na pirimethamini), wakakuta mabadiliko ya vinasaba yamekusanyika zaidi mashariki ya nchi. Kundi la Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, likiongozwa na Anne Rimoin, lilizitumia kujua ni watoto wangapi kweli wana kinga ya surua na polio, badala ya kutegemea kadi za chanjo. Karatasi zilisafiri bila barafu.

Karatasi ina mipaka. Tone ni dogo, hivyo virusi vichache vinaweza kupotea humo. Kwa kipimo cha wingi wa HIV haifikii usikivu wa plazma. Kimelea hai hakitoki kwenye karatasi. Kwa kazi inayohitaji zaidi, wataalamu wa malale wamekuwa wakichanganya damu na kiasi sawa cha dawa ya guanidini yenye EDTA. Dawa hiyo hupasua seli zote na kuzima vimeng'enya papo hapo, na DNA inakaa salama katika joto la chumba kwa muda mrefu. Siku hizi zipo dawa za viwandani zinazolinda RNA pia. Ni ghali kuliko karatasi na ni sumu zikimwagika, lakini chupa iliyokwisha kujazwa dawa hiyo inaweza kungoja ndege Kindu bila aliyeituma kukosa usingizi.

Ni ajabu kwamba mojawapo ya hatua kubwa za kuhifadhi vimelea kwa baridi ilipigwa hapa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1949, wanasayansi wa London waligundua kwamba gliserini inazuia fuwele za barafu kupasua seli. Huko Tororo, mashariki mwa Uganda, kwenye shirika la utafiti wa malale na nagana la Afrika ya Mashariki, EATRO, akina Matthew Cunningham na W.H.R. Lumsden walichukua wazo hilo na kulijaribu kwa trypanosoma, vimelea vya magonjwa hayo. Damu yenye vimelea ilichanganywa na gliserini, ikatiwa kwenye vijibomba vyembamba vya kioo na kuwekwa kwenye barafu kavu, nyuzi 79 chini ya sifuri. Mwaka 1963 walichapisha mbinu hiyo. Kimelea kilichotolewa miaka baadaye kilikuwa kilekile, hakijabadilika kwa kupitishwa kutoka panya hadi panya. Aina iliyotoka kwa pongo wa Uganda mwaka 1966, namba EATRO 1125, bado inafanyiwa kazi katika maabara za mabara mengine. Ghala la Dutton lilikuwa tumbili. La Tororo likawa kijibomba.

Malale yenyewe ndiyo yanayofundisha zaidi kwa nini hifadhi ina thamani. Maniema ni mojawapo ya maeneo ya ugonjwa huu unaoletwa na mbung'o. Mwishoni mwa miaka ya tisini, Kongo ilisajili zaidi ya wagonjwa 26,000 kwa mwaka. Siku hizi dunia nzima haifiki 1,000. Ni ushindi wa timu za uchunguzi zinazozunguka vijijini, wa vipimo vya kingamwili vya CATT na vya vijichujio vya damu vinavyotengenezwa INRB, na wa dawa kama fexinidazole iliyosajiliwa Kongo mwaka 2018. Lakini wagonjwa wakipungua, sampuli zinakuwa adimu, na bila sampuli hakuna cha kujaribia kipimo kipya. Shirika la Afya Duniani liliona hatari hiyo mapema: likakusanya seramu, plazma, maji ya uti wa mgongo, mkojo na mate ya wagonjwa wa nchi kadhaa za Afrika, Kongo ikiwemo, kwa utaratibu mmoja, na kuvihifadhi Taasisi ya Pasteur, Paris. Mtafiti anayetaka kuvitumia huomba, na kamati huamua.

Hata hivyo kuna kimiminika ambacho hakuna friza itakayokiokoa. Ili kujua kama malale yamefika kwenye ubongo, maji ya uti wa mgongo huvutwa kiunoni na chembe nyeupe kuhesabiwa. Zikizidi 5 kwenye maikrolita moja, ni dalili mbaya. Kazi hiyo lazima ifanyike hapohapo, kwa sababu chembe hizo huanza kupasuka na vimelea hufa ndani ya dakika chache. Uboreshaji hapa haukuwa wa chupa bora. Mwongozo wa 2019 wa Shirika la Afya Duniani uliruhusu wagonjwa wengi wasio na dalili nzito kutibiwa kwa vidonge vya fexinidazole bila kuchomwa sindano ya uti wa mgongo. Sampuli iliyo rahisi kuliko zote kuhifadhi ni ile isiyohitajika tena, na mgonjwa anashukuru.

Ng'ambo ya magharibi ya mto Lualaba, katika wilaya ya Kibombo, iko Tunda. Hospitali ya huko, pamoja na ile ya Kole katika jimbo la Sankuru, ndizo zilizobeba jaribio la dawa ya tecovirimat dhidi ya mpox lililoitwa PALM007, chini ya INRB na Taasisi ya Taifa ya Mzio na Magonjwa ya Kuambukiza ya Marekani. Lilianza Oktoba 2022, likaandikisha wagonjwa 597. Agosti 2024 matokeo yalitangazwa: dawa haikufupisha muda wa vipele. Jambo lililowashtua wengi ni jingine: wagonjwa waliopata dawa na wale waliopata vidonge bandia kwa pamoja walifariki kwa asilimia 1.7 tu, chini ya asilimia 3.6 au zaidi inayoonekana kwa kawaida kati ya wagonjwa wa mpox nchini. Walilazwa, wakalishwa vizuri, wakatibiwa magonjwa mengine waliyokuwa nayo.

Kwa mada hii, Tunda inasema kwamba utafiti wa kiwango cha dunia, wenye kupima virusi kwenye vipele na damu, unaweza kufanyika katika hospitali ya vijijini Maniema. Mpox inasaidia kidogo kwa sababu virusi vyake ni vya DNA, vigumu kuharibika, na gamba la kipele kilichokauka hutunza virusi kuliko damu. Oktoba 2024 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kipimo cha mpox cha mashine ya GeneXpert, ileile inayotumika kwa kifua kikuu katika hospitali nyingi za Kongo. Kinachopimwa papo hapo hakihitaji kusafirishwa kwa ajili ya jibu la mgonjwa. Kinachohitaji kusafiri ni sehemu ndogo tu, ile ya utafiti.

Viko pia vyombo vya katikati. Dumu la nitrojeni lililokaushwa, ambalo nitrojeni yake hunyonywa ndani ya kuta ili isimwagike, hushika baridi ya zaidi ya nyuzi 150 chini ya sifuri kwa takriban siku kumi. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa Équateur mwaka 2018, vyombo vya Arktek vilibeba chanjo iliyohitaji nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri hadi vijijini. Chombo kilichopeleka chanjo kwenda kinaweza kuleta sampuli wakati wa kurudi, kikisafishwa na kusajiliwa upya. Kasongo ina kumbukumbu yake ya baridi: miaka ya sabini, Mradi wa Kasongo ulioongozwa na wataalamu wa Antwerp ulichanja watoto surua na kufuatilia uhai wao kijiji kwa kijiji, na chanjo ya surua ya wakati huo ilikuwa haivumilii joto. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la The Lancet mwaka 1981.

Kuna kifaa kingine ambacho hakina waya wala gesi, nacho ni daftari. Saa ya kutoa damu, saa ya kuitenganisha, saa ya kuiweka kwenye baridi, idadi ya mara ilizoyeyuka. Jumuiya ya kimataifa ya hazina za sampuli, ISBER, ilitoa mfumo wa alama, SPREC, unaobana habari hizo zote katika herufi chache za kubandikwa kwenye kichupa. Seramu iliyokaa saa nane kabla ya kutenganishwa bado ina kazi, alimradi imeandikwa hivyo. Seramu isiyojulikana ilikaa saa ngapi ni takataka yenye lebo nzuri. Na lebo iandikwe kwa wino usiofutika na barafu, kwa namba wala si kwa jina la mtu.

Jina la mtu ni jambo nyeti zaidi ya barafu. Pwani ya Waswahili hadithi za mumiani, watu wanaonyonya damu kuuza, zilitisha vijiji vizima; Katanga walitajwa batumbula. Mwanahistoria Luise White amezikusanya hadithi hizo na kuonyesha kwamba hazikuwa ujinga mtupu. Zilikuwa namna ya watu kuulizana damu yao inakwenda wapi na nani anafaidika. Swali hilo ni halali hata leo. Dawa ya Ebola iitwayo Ebanga, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2020, ilitokana na kingamwili za mtu aliyepona Kikwit mwaka 1995. Damu yake ilitolewa miaka kumi na moja baada ya kuugua. Ni heshima kwa Kongo, na ni sababu ya kutaka maelezo: sampuli inayotoka Saramabila inakwenda maabara gani, itakaa miaka mingapi, nani anaweza kuifungua, na jibu litarudi kijijini kwa njia gani. Tangu INRB ilipopata jengo jipya la Kinshasa lililojengwa kwa msaada wa Japani mwaka 2020, na baada ya kusoma vinasaba vya Ebola hapahapa nchini wakati wa mlipuko wa mashariki wa 2018–2020, kisingizio kwamba kila tone lazima liishie Ulaya kimepungua nguvu.

Kwa hiyo ombi kwa idara ya afya ya jimbo, kwa INRB na kwa wafadhili wanaopenda kukata utepe mbele ya friza mpya: kabla ya friza, zipelekwe Kasongo na Kabambare karatasi za chujio, sanduku la kukaushia, silika ya kutosha na ya kubadilisha, chupa zenye dawa ya kulinda vinasaba, sentrifuji inayotumia sola, saa ya ukutani na daftari lenye mistari ya SPREC. Ziongezwe pikipiki moja ya sampuli yenye siku yake maalumu ya wiki na mshahara wa laboranti unaolipwa kwa wakati. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ikae Kindu, yenye sola yake na jenereta ya akiba, na simu ya mtu anayelala karibu nayo.